Mahali pa Kuweka Maiki

Anayetaka kuwa fundi wa sauti Busunzu huanza kwa kubeba. Hubeba spika za inchi 15, stendi, jenereta, dumu la petroli na sanduku la nyaya. Gari likikosekana, mzigo hufungwa kwenye bodaboda kwa mipira, na safari moja inakuwa tatu. Hufika kwenye harusi kabla ya wapishi na kuondoka baada ya mlevi wa mwisho. Miksa haigusi. Akiuliza kile kitufe cha buluu kina kazi gani, anajibiwa: "Dogo, kwanza kunja waya."

Ni rahisi kudhani huo ni uonevu, na kweli wapo mafundi wanaojipatia mtumishi wa bure kwa kisingizio cha kufundisha. Lakini waya una elimu yake. Wengi wetu hukunja waya kwa kuuzungusha kati ya kiganja na kiwiko. Kila mzunguko wa namna hiyo huuongezea waya msokoto upande uleule, na ndani ya waya wa maiki mna nyuzi nyembamba zilizovikwa wavu wa shaba. Zikisokotwa hivyo wiki baada ya wiki, hukatikia karibu na jeki, pale ambapo jicho haliwezi kuona. Kwa nje waya ni mzima kabisa. Utaanza kukwaruza siku bwana harusi atakapogeuka kumshukuru mama mkwe. Fundi anayejua kazi yake hukunja kwa duara la ukubwa wa sinia: mzunguko mmoja anaulaza juu, unaofuata anageuza kiganja na kuupitisha kwa chini, ili msokoto wa kwanza ufutwe na wa pili. Waya uliokunjwa hivyo ukirushwa unanyooka hadi jukwaani bila fundo. Na kijana akishakunja nyaya za msimu mzima, vidole vyake vinajua jambo ambalo hakuna aliyemweleza: pini za jeki huelekea kule sauti inakokwenda, na kati ya mdomo wa mwimbaji na sikio la msikilizaji kuna viungo vingi, kila kimoja kikisubiri siku yake ya kuharibika.

Busunzu ni kata ya Wilaya ya Kibondo, kwenye njia itokayo Kasulu, huku juu kwenye nyanda za Kigoma ambako kiangazi ni vumbi jekundu na masika ni radi. Vyote viwili ni maadui wa kazi hii. Vumbi huingia kwenye feda za miksa, vile vishikio vya kupandisha na kushusha sauti, na ukiisogeza feda inachakarisha spika. Mvua nayo ikishaanza kugonga bati la kanisa, hakuna maiki duniani itakayoiokoa ibada. Usitafute studio yenye kuta za sponji. Kuna makanisa na kwaya zake, kuna harusi, sendofu, misiba na mikutano ya kampeni, na siku ya gulio kuna mtu wa kunadi dawa ya panya kwa kipaza sauti. Hiyo ndiyo shule.

Kuingia humo ni kwa makubaliano ya mdomo. Mzazi au mjomba humpeleka kijana kwa fundi na kusema, "Fundi, huyu sasa ni mwanao," na mkataba umekwisha. Mshahara ni sahani ya pilau ya shughuli, nauli, na kitu kidogo mteja akiwa mkarimu. Serikali haijalala: VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima waliojifunzia kazi mtaani na kuwapa cheti, na waashi, maseremala, wapishi na mafundi magari wamepita humo. Anayetaka darasa lenye mwalimu na ubao ana TaSUBa kule Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Ni zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Watakaofika ni wachache. Wasichana ni wachache zaidi, maana shughuli huisha usiku wa manane, na hakuna mjomba atakayemkabidhi binti wa miaka 18 kwa fundi bila kuuliza atarudi na nani. Ni hasara kwa kazi yenyewe. Susan Rogers, aliyerekodi muziki wa Prince kuanzia mwaka 1983, aliingia kwenye kazi hii kupitia ukarabati: alikuwa akitengeneza mashine za studio zilizoharibika. Kibondo haikosi binti anayeweza kulehemu jeki iliyokatika.

Baada ya waya huja umeme. Kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu ziliwashiwa taa na jenereta za dizeli za TANESCO, kabla gridi ya Taifa haijafika, kwa hiyo fundi wa zamani wa huku amezoea umeme unaopanda na kushuka. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na ukipenya kwenye njia ya sauti utausikia: mvumo mzito usiobadilika, chini ya sala, chini ya vigelegele, chini ya hotuba ya mgeni rasmi. Chanzo chake cha kawaida ni kwamba miksa imechomekwa ndani ya nyumba ya mwenye shughuli, amplifaya imechomekwa kwa jirani, ethi za nyumba mbili hazilingani, na waya wa sauti unaoviunganisha vifaa hivyo umegeuka njia ya umeme kupita. Dawa ni kuchomeka vyote kwenye soketi moja. Wapo wanaokata waya wa ethi. Mvumo hunyamaza papo hapo, mteja hufurahi, na siku kifaa kikivuja umeme, mwimbaji aliyegusisha midomo kwenye maiki ya chuma ndiye atakayekuwa ethi. Fundi anayemfundisha kijana kukata ethi anyang'anywe kijana.

Hayo yote, hata hivyo, ni ulinzi wa kazi tu. Kazi yenyewe, kwa jinsi ninavyoiona, ni kujua mahali pa kuweka maiki. Yaliyobaki yananunuliwa, yanaazimwa au yanapakuliwa.

Tuanze na ule mluzi unaowafanya watoto wazibe masikio kanisani. Maiki imesikia spika yake yenyewe. Inachosikia inakirudisha kwa amplifaya, amplifaya inakitupa kwa spika, spika inakirudisha kwa maiki, na mduara huo ukizunguka unakua hadi unapiga yowe. Mwanafunzi hukimbilia kushusha sauti. Fundi hutazama sakafu: spika ziko wapi, maiki iko wapi, nani anatazamana na nani. Akizisogeza spika mbele ya mstari wa maiki, mluzi unakufa, na sauti inaweza hata kupandishwa kuliko mwanzo. Hesabu ya umbali inashangaza zaidi. Sogeza maiki kutoka sentimita 20 hadi sentimita 10 mbele ya mdomo: sauti inayoingia inaongezeka kwa desibeli 6 hivi, na ongezeko hilohilo kwa njia ya pesa lingetaka amplifaya yenye nguvu mara nne. "Mama, sogea kidogo," ikisemwa kwa heshima, inashinda mkopo wa benki.

Hata London walilifikia hili kwa kubishana. Geoff Emerick aliajiriwa kwenye studio za EMI mwaka 1962 akiwa kijana wa miaka 16, msaidizi wa kubonyeza vitufe vya mashine ya kanda na kukaa kimya wakubwa wanapoongea. Miaka minne baadaye alikuwa amekalia kiti cha fundi wa albamu ya Revolver ya Beatles, na jambo lililomfanya akumbukwe ni kuisogeza maiki karibu na ngoma kuliko taratibu za studio zilivyoruhusu, baada ya kushindilia sweta ndani ya ngoma ya besi. Mashine zilikuwa zilezile. Kilichoongezeka ni sweta.

Na sisi tulikuwa na shule ya aina hiyo, Dar es Salaam, ndani ya Radio Tanzania. Bendi kama NUTA Jazz, na baadaye Mlimani Park iliyoundwa mwaka 1978, hazikuwa na kampuni ya santuri ya kuzilipia studio kwa wiki nzima. Ziliingia studio ya redio ya taifa zikapiga kwa pamoja, magitaa, ngoma, tarumbeta na waimbaji, huku kanda inazunguka. Mpiga tarumbeta akiteleza kwenye kipande cha mwisho, wote wanarudi mwanzo. Katika hali hiyo huwezi kusema "tutarekebisha baadaye". Usawa wa sauti lazima upatikane kwa miguu, nani asimame karibu na maiki na nani arudi nyuma, na kwa adabu ya mpigaji anayejua lini ampishe mwenzake. Nikizisikiliza kanda hizo leo nasikia chumba, nasikia watu waliosimama mahali. Nyimbo nyingi za sasa zimerekodiwa kwa usafi wa kupita kiasi na hazina mahali popote.

Kwaya ndiyo imefundisha wengi wetu huku magharibi. Waliokulia kwenye redio za kaseti wanaikumbuka Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, kutoka yale makazi ya Tabora yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, ambako mtu alijulikana kwa namba ya barabara anayokaa. Kwaya ya watu thelathini haidai maiki thelathini. Inadai maiki mbili zilizoinuliwa kidogo juu ya vichwa vya mstari wa mbele, na fundi mwenye ujasiri wa kumwambia mwenye sauti kubwa kuliko wote arudi mstari wa nyuma. Hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza, hasa mwenye sauti kubwa akiwa mke wa mchungaji.

Kabla ya hao wote alipita Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na gari la kurekodia. Jenereta aliiacha mbali isisikike, akavuta waya mrefu hadi uwanjani, na maiki akaishika mkononi: anaisogeza kwa mwimbaji, anaipeleka kwenye ngoma, anairudisha kwa waitikiaji. Mkono wake ndio uliokuwa miksa. Rekodi zake zimelala Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954; walioimba walibaki na vumbi la gari. Hilo nalo mwanafunzi alijue mapema, kwamba sauti ikishanaswa ina mwenye nayo mpya.

Lakini mfano unaonivutia kuliko yote uko jirani. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, na miongoni mwa waliovuka na kuishi kwenye kambi za huku, Kanembwa, Mtendeli na Nduta, ipo inanga: ubao mnene uliochimbwa kina, na uzi mmoja mrefu uliopitishwa huku na huko juu yake hadi ukawa nyuzi kadhaa. Kuna namna ya kuipiga ambayo mpigaji haimbi. Ananong'ona. Mnong'ono hauna noti, kwa sababu koo halitetemi. Ni pumzi inayopita kwenye meno na ulimi. Hata hivyo msikilizaji anasikia wimbo, anasikia maneno yakipanda na kushuka. Inanga iliyo chini ya mnong'ono inafuata mapando na mashuko ya maneno yenyewe, na sikio linauchukua mlio wa uzi na kuukabidhi kwa mdomo. Mtafiti wa muziki Cornelia Fales aliliandikia jambo hili makala ndefu mwaka 2002, akionesha jinsi sikio linavyokubali kuunganisha vitu viwili visivyounganika. Kirundi na Kiha husikilizana, na zote ni lugha za toni. Kijana wa Busunzu amekuwa akipima kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno moja tangu hajaota meno yote. Sisemi hilo peke yake linamfanya fundi. Nasema hajaanza akiwa mtupu.

Sasa mpe kijana huyo maiki moja, umwambie arekodi inanga. Akiiweka chini, mbele ya ubao, nyuzi zinaumeza mnong'ono. Akiipandisha mdomoni, pumzi inapiga maiki, kila "p" ni kishindo, na inanga inasikika kana kwamba inapigwa nyumba ya pili. Hapo ule muungano unavunjika: unasikia mtu anayenong'ona na mtu mwingine anayecheza na uzi. Akipandisha geini ili mnong'ono uje mbele, vinakuja navyo jogoo, bodaboda, mchi kwenye kinu, mtoto anayeitwa akachote maji. Kati ya makosa hayo yote kuna sehemu ya upana wa kiganja, juu kidogo ya ubao na pembeni mwa njia ya pumzi, ambapo uzi na mdomo vinashikana na mnong'ono unaanza kuimba. Hakuna kitabu chenye vipimo vyake, kwa sababu kila ubao na kila kifua vina pao. Anapatafuta akiwa amepiga magoti, hedifoni masikioni, maiki akiisogeza taratibu.

"Shikamoo babu, samahani, mara moja tena."

"Tena? Kwani ulikuwa umelala?"

Babu atarudia. Atarudia na mara ya tatu. Safari inayofuata atakuwa amechoka, na uchovu wake utasikika kwenye rekodi kuliko kosa lolote la maiki. Kwa hiyo kijana hujifunza kupatafuta mahali kabla ya kumwita mwenye wimbo: anamkalisha mwenzake kwenye kigoda, anamwambia anong'one chochote, hata bei ya maharage, na anafanya makosa yake yote kwa huyo. Babu akifika anakuta kiti chake, anasalimiwa, anapiga mara moja, anaondoka angali na hamu ya kupiga.

Najua haya yanavyosikika. Ni rahisi kumwambia asiye na kitu kwamba anachohitaji tayari anacho, na wenye vitu hupenda sana kusema hivyo. Mahali pa maiki hapaponyi amplifaya iliyoungua, hapanunui petroli, hapamtoi kijana kwenye deni la kompyuta. Mwaka 2012 nyota wenye asili ya Kigoma walipoungana kutoa Leka Dutigite, wimbo wenye jina la Kiha, karibu wote walikuwa wamekwisha kujenga sauti zao Dar es Salaam. Huko ndiko ziliko studio, redio kubwa na watu wa kulipa. Kijana wa Busunzu mwenye masikio mazuri ataota basi la Dar, na sina neno la kumzuia. Ninachokataa ni kuamini kwamba huko ndiko atakakoanzia. Nimewaona walioanza na kompyuta chumbani, wenye programu za kila aina, nyingi hazikulipiwa, wakikesha kuiondolea sauti mwangwi ambao ungeondoka kwa kusogea hatua mbili kutoka ukutani na kutundika blanketi.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wetu wengi hawafundishi, nalo ni kwamba masikio yanaisha. Huku kwetu heshima ya harusi hupimwa kwa umbali sauti inakofika. Baba wa bibi harusi atakuambia waziwazi anataka wasikie hadi Kifura. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango chake cha kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100. Kwa wafanyakazi kuna hesabu kali zaidi inayopendekezwa Marekani, ambayo inaruhusu desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na robo saa. Linganisha na saidia fundi anayesimama hatua mbili kutoka kwenye spika tangu alasiri hadi usiku. Kinachotangulia kwenda ni sauti za juu, zile zinazotofautisha "s" na "f", na hazirudi. Mwenyewe hatajua. Ataanza tu kuongeza tribo kidogo zaidi kila mwaka, na wateja watashangaa kwa nini muziki wake siku hizi unachoma. Vizibo vya sponji vya masikio ni vitu vya bei ndogo, lakini hujawahi kumwona fundi wa huku amevivaa, kwa sababu anaogopa kuchekwa.

Na huku mpakani mahali pa maiki pana swali lingine, la mbele ya nani. Julai 1993, Kigali, ilianza kurusha matangazo redio ya RTLM. Mwaka uliofuata sauti yake ilikuwa sehemu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakubwa wake wawili. Mwaka 1995, Ngara, hapo kaskazini mwetu, shirika la Wajesuti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera ili waliokimbia wapate habari za kuaminika. Miksa ni miksa, nyaya ni nyaya, mnara ni mnara. Vifaa vya redio ya kwanza vingeweza kufungwa kwenye redio ya pili na vikafanya kazi bila kusita. Fundi mitambo hukaa nyuma ya kioo na watu hawalijui jina lake, jambo linaloweza kumfanya adhani hahusiki na yanayopita kwenye vidole vyake. Sijui kama hili linafundishika kwa maneno. Nadhani linafundishika kwa aina ya kazi anazopewa kijana, na kwa mpangilio wake.

Fundi mmoja ninayemfahamu, kwa mfano, hampi mwanafunzi feda kwa mara ya kwanza kwenye harusi. Humpa kwenye msiba. Kwenye harusi kosa linafichwa na besi. Msibani kuna maiki moja, viti chini ya turubai, watu waliokaa hadi kwenye migomba, na mpwa wa marehemu ambaye hajawahi kushika maiki maishani mwake na leo anasoma wasifu. Huwezi kupima sauti kwa kupiga kelele za "cheki, moja, mbili". Unakwaruza wavu wa maiki kwa ukucha, taratibu, unasikiliza. Unashusha stendi kabla mtoto wa marehemu hajafika, asije akainama mbele ya watu. Spika unazielekeza kwa waliokaa mbali, kwa sababu walio karibu na jeneza hawahitaji kukuziwa kitu.

Mimi na fundi huyo tunabishana juu ya jambo moja. Msomaji wa wasifu akishikwa na kilio katikati, fundi anataka feda ishushwe hadi chini na ipandishwe mtu akijikusanya. Anasema aliyelia hakumpa fundi ruhusa ya kulitangaza chozi lake hadi barabarani. Mimi nasema walioko nyuma watadhani umeme umekatika, wataanza kunong'onezana, na pale mbele mtu anabaki peke yake. "Wewe hujawahi kulia mbele ya spika," ananijibu. Ni kweli, sijawahi.

Kijana wake hakutufuata hata mmoja. Kwenye msiba mmoja, mpwa wa marehemu aliposhindwa kuendelea kusoma, kijana aliondoka mezani, akapita pembeni ya viti akiwa ameinamisha kichwa, akaisogeza maiki kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka kwenye mdomo wa yule mtu. Kilio kilisikika, lakini kwa mbali. Alipoanza tena kusoma, aliirudisha. Fundi alimgombeza njia nzima hadi nyumbani kwa kuiacha miksa bila mtu, na hapo alikuwa na haki: watoto walikuwa wamekwisha kuizunguka, na mmoja alikuwa na kidole juu ya kitufe cha buluu.